Usiku wa sita

Wadau, mpwa wangu alitolewa mafindofindo na nyama za puani Mwanza, kesho yake tukapanda basi kurudi naye Buzwagi. (Ndiyo, Buzwagi ileile ya mkataba uliosainiwa London mwaka 2007. Mgodi wenyewe ulifunguliwa 2009, ukaacha kuzalisha 2021.) Nyumbani wote tulijua cha kuogopa ni kisu, na kisu kilishapita.

Kumbe sivyo. Upasuaji huu ni wa kale sana. Celsus, Mroma wa karne ya kwanza, alieleza jinsi ya kuyang'oa mafindofindo kwa kidole, kisha jeraha lioshwe kwa siki. Jamani, siki! Nyama za puani zilichelewa kujulikana, hadi mwaka 1868 Wilhelm Meyer wa Copenhagen alipozieleza kwa watoto wanaopumua kwa mdomo na kusikia kwa shida. Huku kwetu kilichozoeleka ni kukata kimeo, kwa mkono wa mganga, mtoto akikohoa tu. Wapo wanaochanganya mambo haya mawili mpaka leo.

Vifaa vimeboreka mno tangu Celsus, ila jeraha la kooni kwa kawaida haliwekewi bandeji. Linafunikwa na utando mweupe, wengi wakiuona wanadhani ni usaha. Kati ya siku ya tano na ya kumi utando unabanduka, na hapo damu inaweza kuanza upya, mtoto akiwa kwao.

Dawa ya maumivu nayo ina historia yake. Watoto hawa walipewa kodeini miaka mingi, mpaka baadhi walipofariki: kuna watu ambao ini lao huigeuza kuwa mofini haraka kupita kiasi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakataza wasipewe. Watu wa namna hiyo ni wengi zaidi Ethiopia kuliko Ulaya ya kaskazini, kwa hiyo si habari ya Wazungu tu. Sisi tulipewa parasetamo. Aspirini hapana, inazidisha kutoka damu.

Usiku wa sita dada akaniamsha. "Mdogo wangu, mbona anameza-meza usingizini?" Tukamulika kwa simu. Damu mbichi. Kabla ya alfajiri tulikuwa Kahama, na kwa bahati ikakoma.

Daktari wa zamu aliuliza swali moja: anakunywa maji? Hakuwa akinywa. Kila akimeza analia, na dada kwa huruma akawa anamwacha. Koo likakauka.

Siku zilizobaki ilikuwa kikombe kila saa, na uji uliopoa. Analia, anakunywa.