Gesi Iliyozikwa Chini ya Bahari ya Kaskazini

Mafuta hayatoki kisimani peke yake. Huja na gesi, na kwa miaka mingi wachimbaji waliiona gesi hiyo kuwa kero tu. Bomba la kuifikisha sokoni ni ghali, kuiwasha moto ni rahisi. Ndiyo maana ndimi za moto zimekuwa alama ya visima vya mafuta, usiku na mchana.

Norwei ilikataa mapema. Mwaka 1971, eneo la mafuta la Ekofisk lilipoanza kuzalisha, bunge lake lilipokea kanuni kumi za kuongoza sekta hiyo changa. Ya tano ilikataza kuchoma gesi inayofaa kutumika, isipokuwa kwa muda mfupi wa majaribio.

Mwaka 1991 ikaongezwa kodi ya hewa ya ukaa, nayo ikagusa mradi uliokuwa ukisukwa wakati huohuo: eneo la gesi la Sleipner Magharibi. Gesi ya huko ilikuwa na hewa ya ukaa kama asilimia 9, na wanunuzi hawakutaka izidi 2.5. Kuitenganisha halikuwa jambo geni. Gesi hupitishwa kwenye kemikali iitwayo amini, ambayo huinasa hewa ya ukaa. Kemikali ikichemshwa, huiachia. Desturi ilikuwa kuiacha ipae angani. Sasa kila tani iliyopaa ingelipiwa.

Mwaka 1996 kampuni ya Statoil ikaanza kuishindilia hewa hiyo chini ya sakafu ya bahari, katika mwamba wa mchanga uitwao Utsira, kiasi cha tani milioni moja kwa mwaka. Mchanga huo umejaa maji ya chumvi, na juu yake kuna tabaka nene la mfinyanzi lisilopitisha gesi. Je, ilikaa? Meli zilirudi tena na tena kupiga mawimbi ya sauti, na picha zikaonyesha hewa hiyo ikipanda polepole na kutandaa katika matabaka tisa membamba, yote chini ya kifuniko kile.

Ni kazi ya kuheshimiwa, ingawa tusisahau kwamba moshi wa gesi iliyouzwa Ulaya haukuzikwa. Kilichozikwa ni uchafu wa uzalishaji.

Kinachoniuma ni kwamba ujuzi wa kutoichoma gesi haukuwa siri ya Norwei. Nigeria ilitunga sheria mwaka 1979: kuanzia Januari 1, 1984, hakuna kuchoma gesi bila kibali cha waziri. Vibali vikatolewa, faini zikawa ndogo kiasi kwamba kulipa kulikuwa nafuu kuliko kujenga mitambo. Mwaka 2005 wanakijiji wa Iwherekan, katika Jimbo la Delta, walishinda kesi mjini Benin City. Mahakama ilitamka kwamba moto wa gesi unavunja haki yao ya kuishi na ya utu. Hukumu ilitoka, na gesi ikaendelea kuwaka.