Datsun 240Z: Zana anazohitaji mwenye kulitengeneza nyumbani

Mashindano ya Safari Rally ya 1971 yalipomalizika, Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller waliibuka washindi wakiwa ndani ya Datsun 240Z. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1973, Shekhar Mehta na Lofty Drews walirudia ushindi huo kwa gari la aina iyo hiyo. Tangu wakati huo gari hilo la Kijapani lenye boneti ndefu na milango miwili limekuwa na mahali pake katika kumbukumbu za wakereketwa wa magari Afrika Mashariki. Hadi leo yako yanayotunzwa kwa mapenzi makubwa, huku mengine yakilala chini ya maturubai yakingoja mwenyewe apate wasaa.

Wasaa unapopatikana, kosa la kwanza la wengi huwa ni kushika spana iliyo karibu. Gari la zaidi ya nusu karne halisamehe jambo hilo. Bolti iliyoshikwa kutu ikifunguliwa kwa spana iliyolegea hupoteza pembe zake, na kazi ya dakika tano hugeuka kuwa ya siku mbili za kutoboa na kukereza. Isitoshe, vipuri vya Datsun 240Z, ambalo utengenezaji wake ulianza mwaka wa 1969 na kukoma 1973, havipatikani katika kila duka la Barabara ya Kirinyaga.

Swali la kuanzia, basi, ni gari lilitoka wapi. Datsun ni la Japani na vipimo vyake ni vya milimita. Spana za 10, 12, 14, 17 na 19 hufungua sehemu kubwa ya gari zima, ilhali ile ya 13, ambayo haikosi kazi katika magari ya Ulaya, hapa hukaa sandukuni. Jirani mwenye MGB ya Uingereza, gari lililotengenezwa kati ya 1962 na 1980, hawezi kuazimisha seti yake, kwa kuwa yeye hutumia spana za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, na hapo ndipo mtego ulipo: spana ya 13 huingia juu ya bolti hiyo na kuonekana kana kwamba imekubali, kumbe inasubiri kuteleza. (Waingereza wenyewe walikuwa na vituko vyao. Injini ya MG TC, gari la miaka ya 1945 hadi 1949, ina bolti zenye nyuzi za milimita lakini vichwa vyake ni vya kipimo cha kale cha Whitworth.)

Kila saizi na iwe na spana ya ringi upande mmoja na ya mdomo upande wa pili, pamoja na soketi yake. Soketi zenye pembe sita ndani hushika vyema zaidi kuliko zile zenye pembe kumi na mbili, hasa pale kutu ilipokwisha kula. Mafuta ya kulegeza kutu yapakwe usiku wa kuamkia kazi, si dakika moja kabla ya kuvuta spana.

Bisibisi nazo zina siri isiyojulikana na wengi. Skrubu za msalaba, ambazo mafundi wa Nairobi huziita za nyota, si za namna moja duniani. Zile zilizofungwa katika kabureta na dashibodi ya Datsun zilikatwa kwa kanuni ya Kijapani iitwayo JIS. Bisibisi ya kawaida ya Phillips hugota kabla ya kuketi sawasawa katika tundu lake, kisha huruka na kulisaga. Wengi wamelaumu udhaifu wa chuma cha Kijapani kwa kosa lililokuwa la bisibisi. Bisibisi tatu za JIS zinatosha, na zinafaa vilevile kwa pikipiki na cherehani za Kijapani. Kwa skrubu kubwa zilizogoma, kama zile za bawaba za milango, iko bisibisi nzito ambayo hugongwa kwa nyundo na kujizungusha yenyewe kila inapopigwa.

Kabla ya mtu kuingia chini ya gari, kuna zana ambayo haina mbadala. Jeki huinua, lakini haikusudiwi kushikilia. Mpira mmoja mdogo ndani ya jeki ya mafuta ukipasuka, gari hushuka kwa ghafla, na Datsun 240Z lina uzito wa takriban tani moja. Stendi za chuma za kusimamishia gari ndizo zinazomlinda aliye chini, na ziwe nne, kila moja ikiwa imeandikwa uzito inaoweza kubeba. Matofali ya saruji hayafai hata kidogo, kwani hupasuka bila kutoa ishara. Stendi zilizochomelewa na fundi wa jua kali huenda zikawa imara, ila hakuna ajuaye hadi zijaribiwe, na mtu asiwe yeye mwenyewe chombo cha majaribio.

Ardhi nayo huangaliwa. Katika boma lisilo na sakafu ya saruji, stendi huwekwa juu ya kipande kipana cha bamba la chuma au mbao nene ili miguu yake isizame. Magurudumu yanayobaki chini huzuiwa mbele na nyuma. Sakafu ya Datsun hii ni bati jembamba, na jeki ikiwekwa penye kutu hupenya hadi ndani ya gari, kwa hiyo sehemu za kuinulia zilizoonyeshwa katika kitabu cha gari ndizo zifuatwe. Mwishowe, kabla ya kulala chini, gari lisukumwe kwa mikono pande zote. Likitikisika juu ya stendi, lishushwe na kupangwa upya.

Kazi ya breki huhitaji spana moja ya pekee, ile ya ringi iliyokatwa mwanya ili ipite juu ya paipu. Nati za paipu za breki katika gari hili ni za milimita 10 na ni laini. Spana ya mdomo huzishika pembe mbili tu na kuzivuruga, ilhali hii huzishika karibu zote. Aidha, magurudumu ya nyuma yana breki za ngoma, na bitana za kale zilikuwa na asbesto. Vumbi lake lisipulizwe kwa hewa wala kufagiwa likiwa kavu. Hulowanishwa kwa maji ya sabuni, likapanguswa kwa kitambaa ambacho hutupwa kikiwa kingali kibichi.

Injini ya Datsun 240Z, iitwayo L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita mchemraba 2,393. Ni injini yenye subira, lakini hudai kupimwa. Fila, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mianya, ndiyo zana rahisi kuliko zote na pengine ndiyo inayotumika zaidi. Injini ikiwa imepata moto, mwanya wa valvu za kuingizia hewa huwa milimita 0.25, na ule wa valvu za kutolea moshi 0.30. Ili kuurekebisha, spana ya mdomo ya 17 hulegeza nati ya kufungia, na ya 14 huzungusha kirekebishi chenyewe. Mikono miwili haitoshi mara ya kwanza. Baada ya valvu ya tatu au ya nne, vidole huzoea. Soketi ya 27 juu ya bolti ya puli ya mbele huzungusha injini polepole hadi kila kamu ifike mahali pake.

Spana ya kupimia nguvu ya kukazia ni ya lazima pale kichwa cha injini kinapohusika. Bolti zake hufunguliwa kwa soketi ya ufunguo wa pembe sita wa milimita 10, na hukazwa kwa awamu kuanzia katikati kwenda kandoni, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu. Kichwa hicho ni cha aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na kukaza kwa kubahatisha hukipinda. Spana hiyo haitumiwi kufungulia, na baada ya kazi hurudishwa kwenye kipimo chake cha chini kabisa, la sivyo springi yake huchoka na kuanza kudanganya.

Taa ya kupimia taimingi na multimita hukamilisha upande wa umeme. Taa hiyo hufungwa kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza, ambayo katika injini hii iko mbele kabisa, na kwa kumweka kwake alama zilizo kwenye puli huonekana kana kwamba zimesimama. Lakini puli ingali inazunguka, na feni vilevile. Tai, shuka na mikono mirefu ya shati iwekwe mbali. Multimita ndiyo humpata mwizi wa volti, na katika gari hili mwizi hupatikana mara nyingi katika swichi ya taa, kwani umeme wote wa taa kubwa hupitia humo bila rilei, na viungo vyake huungua kadiri miaka inavyopita.

Zana inayoweza kuokoa wiki nzima haiuzwi katika duka lolote la vifaa vya magari. Ni kabari ya mbao.

Kamshafti ya L24 iko juu ya kichwa cha injini, nayo huzungushwa na mnyororo mrefu unaotoka chini. Mnyororo huo hukazwa na kifaa chenye kipistoni kinachosukumwa na springi. Ili kuondoa kichwa, au hata kamshafti pekee, ni sharti gia ya juu ivuliwe. Wakati huo mnyororo hulegea, na kipistoni kisipozuiwa huruka kutoka mahali pake. Kukirudisha si jambo la kuingiza mkono. Hulazimu kufungua mfuniko wote wa mbele wa injini, na kabla ya mfuniko huo kuna rejeta, feni, pampu ya maji na puli.

Kabari huzuia hayo yote. Huchongwa kutoka mbao ngumu, pana juu na nyembamba chini, ikiwa na urefu wa takriban sentimita 25. Kabla ya gia kuguswa, kabari hushushwa katikati ya pande mbili za mnyororo na kugongwa taratibu hadi ibane upande wa kipistoni. Mbao laini haifai kwa kuwa vipande vyake huweza kumeguka na kuangukia ndani ya sampu. Juu yake hutobolewa tundu na kufungwa waya imara wa kuivutia kazi ikiisha. Mnyororo na gia navyo hutiwa alama ya rangi ili virudi vilivyokuwa. Seremala yeyote wa mtaani anaweza kuichonga kwa muda mfupi, naye huenda akacheka akiambiwa ni ya injini.

Nyuma ya gari kuna adui mwingine, pini ndefu inayopita chini ya nguzo ya springi kila upande na kushikilia mkono wa chini wa magurudumu. Pini hiyo hufungwa na kipini kidogo cha kuibana, na baada ya miaka mingi ya matope huganda kabisa. Anayeipiga nyundo kichwani huharibu nyuzi zake na kuipanua, ikawa haitoki kamwe. Inayohitajika ni pula. Huweza kutengenezwa kwa kipande cha paipu nene, washa nzito, fimbo ya chuma yenye nyuzi na nati ndefu ya kuunganisha fimbo hiyo na nyuzi za pini, ambayo huvutwa nje kidogo kidogo. Hapa ndipo fundi mkereza vyuma wa Gikomba au Industrial Area anapostahili malipo yake.

Kabureta mbili za gari hili hazielewani zenyewe. Hupatanishwa kwa kipimo kidogo cha hewa kinachowekwa mdomoni mwa moja, kisha mwa nyingine, hadi zote zivute kiasi sawa. Kwa vile petroli huwa wazi wakati wa kazi hiyo, kizimamoto cha unga kiwe karibu, tena upande ambao mtu atakimbilia, si nyuma ya injini.

Kwa anayelitafuta gari badala ya kulitengeneza, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ni zana ya kutosha. Hupitishwa juu ya sakafu, chini ya betri, kwenye vizingiti vya milango na mbele ya magurudumu ya nyuma. Isiponata, hapo pamejazwa puti badala ya bati. Gari lililokaa Mombasa, penye hewa ya chumvi, lichunguzwe mara mbili.

Kompresa, mashine ya kuchomelea na winchi ya kuinulia injini havina haja ya kununuliwa mapema. Hukodishwa, au kazi hupelekwa kwa mwenye navyo. Kitabu cha kiwanda cha matengenezo, kwa upande mwingine, kitangulie hata spana, na nakala yake inayopelekwa karakana iwe ile ambayo kurasa zake zinaweza kuchafuka. Kando yake hukaa mikebe mitupu ya kuwekea bolti, kila mmoja ukiwa umebandikwa karatasi yenye jina la sehemu zilikotoka.