Usajili wa wachezaji wa besiboli katika vyuo vya Marekani

Usajili wa besiboli vyuoni ni utaratibu ambao makocha wa vyuo vya Marekani hutumia kutafuta, kupima na kuchagua wachezaji wanaomaliza shule ya sekondari. Kwa mchezaji na familia yake ni kazi ya miaka miwili au mitatu ya kujitambulisha kwa makocha, ambao wengi wao hawatafika kamwe kwenye uwanja wa shule yake.

Sababu kubwa ni ratiba. Msimu wa vyuo huanza Februari na kuishia Juni, kwa fainali ambazo zimekuwa zikichezwa mjini Omaha, Nebraska, tangu mwaka 1950. Shule nyingi za sekondari nazo hucheza katika miezi ya Machi hadi Mei, kwa hiyo kijana anapong'ara shuleni, kocha wa chuo yuko na timu yake mwenyewe. Nafasi yake ya kuwatazama vijana ni zaidi wakati wa kiangazi na vuli, katika mashindano ya timu za kusafiri na katika kambi. Methali isemayo "kizuri chajiuza" haitoshi hapa: mchezaji mzuri ambaye hakumwandikia kocha yeyote wala hakucheza kiangazi anaweza kumaliza shule bila kuonekana.

Ngazi za vyuo na fedha

Vyuo vingi viko chini ya chama cha NCAA, ambacho kina daraja tatu. Nje yake kuna NAIA, chenye vyuo vidogo zaidi, na NJCAA, cha vyuo vya miaka miwili. Daraja la tatu la NCAA halitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, ingawa mwanafunzi anaweza kupata msaada kwa sababu ya alama zake au kipato cha familia. Vyuo vya Ivy League, ingawa viko daraja la kwanza, navyo havitoi ufadhili wa michezo.

Familia nyingi huamini kwamba kusajiliwa ni kusomeshwa bure. Katika besiboli jambo hilo limekuwa nadra. Kwa miaka mingi timu ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 11.7 tu, uliogawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27, na daraja la pili liliruhusiwa 9. Mchezaji wa kawaida alipata sehemu ya ada, na nyingine alilipa mwenyewe. Kuanzia msimu wa 2025–26, baada ya suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, vyuo vya daraja la kwanza vilivyojiunga na mpango huo havina tena ukomo wa ufadhili, lakini haviruhusiwi kuwa na wachezaji zaidi ya 34. Fedha zinaweza kuongezeka katika vyuo vyenye uwezo, huku nafasi zikipungua.

Nafasi hizo zinagombewa pia na watu wazima. Tangu mwaka 2018 kuna orodha ya kielektroniki ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, na masharti ya kuhama yamelegezwa sana baadaye. Kocha anayehitaji mtupaji anaweza kumchukua mwenye umri wa miaka 21 aliyekwisha kucheza misimu mitatu badala ya kijana wa miaka 18. Ndiyo maana chuo cha miaka miwili si njia ya walioshindwa. Albert Pujols alicheza katika chuo cha namna hiyo eneo la Kansas City kabla ya kuchaguliwa katika raundi ya 13 mwaka 1999. Bryce Harper aliacha sekondari mapema, akacheza msimu mmoja College of Southern Nevada, akawa wa kwanza kuchaguliwa mwaka 2010.

Kinachopimwa

Makocha huanza na vipimo vinavyolinganishika. Mbio hupimwa kwa yadi 60, yaani mita 55 hivi, na sekunde 7 ni kiwango kinachotajwa mara nyingi kwa wachezaji wa uwanjani. Mwendo wa mpira wa mtupaji hupimwa kwa kifaa cha rada. Anayefikia maili 90 kwa saa, takriban km 145, hutazamwa na wengi. Kwa mdakaji huhesabiwa muda kutoka mpira unapogusa glavu yake hadi unapofika kituo cha pili, umbali wa karibu mita 39. Sekunde 2 ni muda mzuri.

Video hutumika kumshawishi kocha aje kutazama, na aghalabu haichukui nafasi ya kutazama kwenyewe. Inayofaa ni fupi: dakika mbili au tatu, bila muziki mwingi, ikionyesha upigaji kutoka pembe mbili, udakaji na urushaji, pamoja na jina, mwaka wa kuhitimu, urefu, uzito na alama za darasani. Kocha akija, hutazama hata yasiyo na namba: mchezaji anavyorudi benchi baada ya kukosa, na anavyozungumza na wazazi wake.

Masomo nayo ni kigezo. NCAA hudai masomo ya msingi 16 kwa daraja la kwanza na la pili, yenye wastani usiopungua 2.3 na 2.2 kwa kipimo cha 4. Alama za juu huongeza idadi ya vyuo vinavyoweza kumchukua mchezaji, na mara nyingi huleta fedha nyingi kuliko mkono wake.

Mawasiliano na makocha

Tangu mwaka 2023 kocha wa besiboli wa daraja la kwanza haruhusiwi kuzungumza na mchezaji kuhusu usajili kabla ya Agosti 1 inayotangulia darasa la 11. Awali watoto wa darasa la 8 au la 9 walikuwa wakitoa ahadi za mdomo, ambazo hazimfungi yeyote. Kabla ya tarehe hiyo mchezaji anaweza kuandika barua pepe, na ukimya wa kocha usichukuliwe kuwa dharau, kwani kanuni ndizo zinazomfunga. Daraja la tatu na NAIA wana uhuru zaidi.

Barua inayosomwa ni ile iliyoandikwa na mchezaji mwenyewe, kwa jina la kocha, ikieleza kwa nini chuo hicho na wapi atacheza wiki zijazo. Kocha wake wa shule au wa timu ya kiangazi anaweza kupiga simu kumthibitisha. Mzazi anayezungumza badala ya mwanawe humharibia.

Gharama ndizo huumiza familia. Timu za kusafiri na maonyesho ya vipaji hutoza ada kubwa, na kuna mawakala wanaouza huduma ya kutuma taarifa za mchezaji kwa mamia ya vyuo. Mialiko ya kambi za vyuo hutumwa kwa maelfu. Kambi hizo kwa kanuni ziko wazi kwa wote na huingizia programu mapato. Dalili ya nia ya kweli ni kocha kupiga simu mwenyewe, kuomba ratiba ya michezo au kuuliza matokeo ya mitihani.

Wachezaji kutoka nje

Mwanafunzi kutoka Uganda, Kenya au Tanzania hupitia ukaguzi uleule wa NCAA kwa vyeti vyake vya sekondari, kisha huhitaji viza ya masomo, ambayo inabana sana kazi za kulipwa, ikiwemo mikataba ya matangazo ambayo wenzake Wamarekani wameruhusiwa tangu Julai 2021. Dennis Kasumba, mdakaji wa Uganda, alijulikana kwa video za mazoezi yake ya matairi zilizosambaa mitandaoni, na mwaka 2023 alijiunga na Frederick Keys ya Maryland. Wakati huo timu hiyo ilikuwa katika ligi ya wanaosubiri kuchaguliwa na klabu za kulipwa, si ya vyuo.