Muswada wa Kiingereza na Kituo cha Mwisho cha Reli

Reli ya Kati ikifika Kaliua, magharibi mwa Tabora, inatoa tawi moja linaloshuka kusini kilomita 210 na kuishia Mpanda. Wakoloni walilijenga mwishoni mwa miaka ya 1940, na wala hawakuwa na wenyeji akilini. Walikuwa wanafuata madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulikuja kufungwa, reli ikabaki, na kwa miaka mingi treni ndiyo ilikuwa usafiri wa kutegemewa kutoka Mpanda kwenda duniani, hasa masika barabara inapogeuka tope na mto Koga unapofurika. Nimeanza na reli kwa sababu kila nikisoma kwamba "wananchi walishirikishwa" kutunga sheria fulani, huwa najiuliza: wananchi wa kituo kipi?

Hili la kushirikisha si geni kwetu. Mwaka 1983 chama tawala kilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba, yakajadiliwa nchi nzima kwa miezi, na mwaka uliofuata ikaingizwa sura ya haki za binadamu ambayo mwanzoni hata haikuwa kwenye mpango. Mwaka 1991 ikaja Tume ya Jaji Nyalali kuuliza kama tuwe na chama kimoja au vingi. Karibu watu wanne kati ya watano waliotoa maoni walisema chama kimoja kinatosha. Tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 vikaja. Hebu tafakari hapo kidogo. Wengi waliulizwa, wakajibu, ikafanyika kinyume, na leo ni wachache sana wanaolalamikia matokeo yake. Kwa hiyo kusikiliza umma hakujawahi kuwa hesabu ya kujumlisha na kutoa tu.

Mfano unaonikaa zaidi rohoni ni wa Aprili 2011. Serikali ilipeleka bungeni muswada wa kuweka utaratibu wa kuandika Katiba mpya. Kumbuka, huu haukuwa muswada wa kodi ya maji ya kunywa au wa leseni za boti. Ulikuwa ni muswada wa namna wananchi watakavyoulizwa nchi yao iweje. Nao uliandikwa kwa Kiingereza! Kamati ikaitisha vikao vya kupokea maoni sehemu tatu: Dodoma, Dar es Salaam na Zanzibar. Dodoma watu walizidi ukumbi, polisi wakarusha mabomu ya machozi. Zanzibar nakala ya muswada ilichanwa hadharani. Serikali ikarudi nyuma, muswada ukaandikwa upya kwa Kiswahili na kupitishwa Novemba mwaka huohuo, wabunge wa CHADEMA wakiwa wametoka nje ya ukumbi.

Mimi nasema zile vurugu zilikuwa ushirikishwaji wenyewe. Haukuwa wa adabu, lakini ndio uliobadilisha lugha ya muswada. Tatizo ni kwamba ulikuwa wa miji mitatu. Mtu wa Karema, kule ziwani Tanganyika, hakupata ukumbi wa kuzidi wala nakala ya kuchana.

Na hapa ndipo Katavi inapochekesha kidogo. Huwezi kusema haikuwa na watu wakubwa mjengoni. Kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni mwaka huo alikuwa Waziri Mkuu Mizengo Pinda, "mtoto wa mkulima", mbunge wa jimbo la Katavi. Upande wa pili alikaa jirani yake, Said Amour Arfi wa Mpanda Mjini, mmoja wa wabunge watano tu wa majimbo ambao CHADEMA ilipata nchi nzima mwaka 2005, naye akiwa makamu mwenyekiti wa chama chake. Watu wawili kutoka kona moja ya nchi, mmoja akiongoza shughuli za Serikali, mwingine akiwa upinzani. Bado kikao cha maoni hakikusogea hata Tabora.

Tume ya Jaji Warioba ndiyo iliyosogea. Kuanzia 2012, mwaka ambao Katavi yenyewe ilizaliwa kwa kumegwa kutoka Rukwa, tume ilizunguka mikoa yote. Watu wengi wanaikumbuka rasimu yake kwa serikali tatu, na ni haki yao, maana ndizo zilizoivunja meza. Mimi navutwa zaidi na yale iliyosema kuhusu mbunge: ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu, mawaziri wasiwe wabunge, na wapigakura waweze kumwita mbunge wao arudi nyumbani kabla ya miaka mitano kwisha. Hayo ni mambo anayoweza kuyasema mtu yeyote kwenye kijiwe cha kahawa pale Mpanda bila kufungua kitabu cha sheria.

Sasa nani aliketi kuyaamua? Bunge Maalum la 2014 liliundwa na wabunge wote wa Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi na watu 201 walioteuliwa na Rais. Yaani wabunge waliombwa kujiwekea kikomo wao wenyewe. Aprili Ukawa wakasusa. Arfi, ambaye mwishoni mwa 2013 alikuwa ameachia umakamu mwenyekiti, alikuwa miongoni mwa wachache wa upande huo waliorudi ukumbini Agosti, na alisemwa sana kwa hilo. Oktoba ikatoka Katiba Inayopendekezwa. Ukomo wa vipindi haukuwemo. Haki ya kumwita mbunge arudi haikuwemo pia. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa, na kimya chake mnakijua.

Unaweza kumtetea mbunge, na mimi namtetea kidogo. Tazama kalenda yake. Bunge la bajeti linamweka Dodoma tangu Aprili hadi mwisho wa Juni. Mikutano mingine mitatu ya mwaka inatanguliwa na wiki za kamati. Akirudi jimboni, watu hawamuulizi kifungu cha 12 kinasemaje. Wanamuuliza dawa, kisima, bei ya mahindi, na nani atachangia msiba. Kuna Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo uliowekwa kwa sheria ya 2009, nao umezidi kumfanya aonekane mgawa mabati. Mwezi wake unakwisha hivyo. Kazi ya kutunga sheria, ambayo ndiyo ya Katiba, inafanywa mbali, machoni pa watu wachache, na mara nyingine kwa hati ya dharura. Sheria mbili kubwa za kulinda rasilimali za nchi, za mwaka 2017, zilipita hivyo, kwa siku chache. Mtu anaweza kuzipenda sheria hizo na bado akauliza haraka ilikuwa ya nini.

Halafu kuna watu wa Katavi ambao hata swali la kituo kipi halikuwahusu. Katumba na Mishamo ni makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliwataka wakae humo na kuomba kibali wakitaka kutoka. Kufikia 2010 wakimbizi zaidi ya 160,000, wa makazi hayo mawili na Ulyankulu, walikuwa wameidhinishiwa uraia, lakini hati zilizuiwa kwa kuwa Serikali ilikuwa na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine. Kwa hiyo Tume ya Warioba ilipopita kuuliza Watanzania wanataka nchi ya namna gani, hawa walikuwa wameukana uraia wa Burundi na hawana karatasi ya kuonyesha ni wa wapi. Hati zilianza kutolewa Oktoba 2014, mwezi uleule Bunge Maalum lilipomaliza kazi. Walipiga kura mwaka 2015. Sheria iliyowaongoza maisha yao yote ilitungwa bila hata mmoja wao kuwa na mbunge wa kumlaumu.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, na hilo ni jambo kubwa; aliyepigania nakala ya Kiswahili mwaka 2011 anastahili sehemu ya shukrani. Lakini ukumbi haujahama. Januari 2024 kamati ya Bunge ilipokea maoni ya miswada mitatu ya uchaguzi na vyama vya siasa. Vyama, asasi na wanasheria walifika, wakazungumza siku kadhaa, magazeti yakaandika. Vikao vilifanyika Dodoma.