Dawati, Kimo cha Mtoto na Walimu wa Louisville

Dawati la mtoto mdogo lilianza kuchunguzwa kitabibu katika karne ya 19, pale madaktari wa Ulaya waliposhuku kwamba mgongo kupinda na macho kutoona mbali ni madhara ya samani ambazo watoto walikalishwa mchana kutwa. Mwaka 1867 Hermann Cohn, tabibu wa macho wa mji wa Breslau, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 10,060, akaonyesha kuwa wasioona mbali waliongezeka kadiri madarasa yalivyopanda, na lawama akaielekeza kwenye mwanga hafifu na madawati yaliyomlazimu mtoto kuinama. Mijadala ya wakati huo ilijishughulisha sana na mwachano, yaani nafasi iliyopo kati ya ukingo wa meza na ukingo wa mbele wa kiti: kiti kikiwa mbali mtoto huinamia daftari lake, na kikiingia chini ya meza huandika akiwa wima, ila kusimama hawezi bila kubanwa mapaja. Hapo ndipo yalipo mashina ya ergonomia ya shuleni, elimu ya kulinganisha kifaa na maumbile ya anayekitumia.

Vipimo hivyo, pamoja na ustadi wake wote, vilichukulia kwamba mtoto atakaa. Miongoni mwa waliolihoji jambo hilo ni walimu wa chekechea wa Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Chekechea yenyewe ilibuniwa na Mjerumani Friedrich Fröbel, na meza yake ya chini, ambayo kwa hakika ilikuwa na huruma kuliko dawati lililokazwa sakafuni kwa skrubu, ilichorwa miraba ya inchi moja, takriban sentimita 2.5, ambamo mtoto alipanga vipande vidogo vya mbao kwa kufuata amri ya mwalimu. Meza ilimtosha kimo, lakini kazi iliyofanyiwa juu yake ilivichosha vidole na macho.

Mwaka 1887 kilianzishwa mjini humo chama cha chekechea zisizotoza ada, na mafunzo ya walimu wake yakaongozwa na Anna Bryan, ambaye aliwaruhusu watoto kuvigeuza vipande hivyo kuwa vitanda, viti na nyumba za kuchezea. Mwanafunzi wake Patty Smith Hill, aliyezaliwa 1868, alishika uongozi mwaka 1893. Hill aliathiriwa na mafundisho ya mwanasaikolojia G. Stanley Hall, aliyesema kuwa misuli mikubwa ya mwili hukomaa kabla ya misuli midogo ya vidole. Na baada ya kuhamia New York mwaka 1905 alisanifu vipande vikubwa vya mbao vya kujengea sakafuni, ambavyo mtoto aliweza kuvifanya nyumba na kuingia ndani yake. Huenda hiyo ndiyo samani bora iliyowahi kutokana na fikra za Louisville, ingawa haina mguu wala egemeo.

Hata hivyo, katika mji huohuo kulikuwa na swali lililotangulia lile la kimo. Newburg, mtaa wenye asili ya makazi ya Waafrika waliotoka utumwani, uliingia katika kumbukumbu za sheria mwaka 1973, pale mahakama ya rufaa ilipokubaliana na baraza la wakazi wake kwamba ubaguzi wa rangi katika shule za wilaya ulikuwa bado haujaondolewa, na mwaka 1975 mabasi yakaanza kuwachanganya wanafunzi kwa amri ya mahakama. Kabla ya hapo suala halikuwa urefu wa kiti, bali nani aketi karibu na nani.

Kwingineko, nchini Tanzania, suala la madawati limekuwa idadi. Kampeni ya mwaka 2016, ambapo Rais John Magufuli aliiagiza mikoa kumaliza upungufu wa madawati kufikia Juni 30, ilihesabiwa kwa madawati yaliyotengenezwa, hesabu ambayo haikuonyesha kama miguu ya mtoto wa darasa la awali inagusa sakafu.