Nyeri: Kutoka shimo la mganga hadi ushauri nasaha

Kabla ya ushauri nasaha kufika Nyeri, Wakikuyu walikuwa na shimo dogo ardhini. Mtu aliyelemewa na thahu, najisi iliyoaminika kumdhoofisha na kumvurugia boma, aliitiwa mundu mugo. Mganga alichimba shimo, akatandika majani ya mgomba, akatia maji na dawa. Alimlambisha mgonjwa dawa hiyo, akamwamuru: "Tahika!" Yaani, tapika. Mgonjwa alitema, mganga akiyataja maovu moja baada ya jingine.

Miaka ya 1950 kutapika huko kuligeuzwa silaha. Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari Oktoba 20, 1952. Katika kambi za kizuizini, watu walishurutishwa kukiri viapo vya waasi wa Mau Mau ndipo wasogee hatua moja kuelekea nyumbani. Serikali hata ilitumia waganga kutakasa waliokula kiapo. Wazungu wakawaita "waganga wa Malkia".

Mwaka 1954 serikali ilichapisha ripoti ya Dkt J.C. Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Carothers alikuwa ameongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Chanzo cha uasi alikitafuta zaidi katika akili za Wakikuyu kuliko katika mashamba yaliyotwaliwa, na akaunga mkono watu kuhamishiwa vijijini. Kufikia mwisho wa 1955, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamesongamanishwa katika vijiji vilivyolindwa kwa mahandaki. Elimu ya akili iliwafikia Wakikuyu ikiwa mkononi mwa mtawala.

Si ajabu wazee wengi waliorudi kutoka kambini walifunga midomo. Kusema kulikuwa kumemponza mtu pamoja na jirani yake.

Miaka mingi baadaye, shuleni ndiko kengele ya hatari ilikolia. Mei 1999, viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri waliuawa kwa moto uliowashwa na wanafunzi wenzao. Mwaka 2001, baada ya moto mwingine kuua wanafunzi 67 katika Shule ya Kyanguli, Machakos, jopo lililoongozwa na Naomy Wangai lilitaka ushauri nasaha uimarishwe. Mwaka huohuo kiboko kilipigwa marufuku shuleni. Mzigo wa ushauri ukawaangukia walimu: wa Hisabati akaitwa mshauri, vipindi vyake vikabaki vilevile. Mtoto akatakiwa kumfungulia moyo mtu yuleyule anayemsahihishia mtihani.

Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la Shule ya Hillside Endarasha, Kieni, Nyeri, liliteketea na kuua wavulana 21. Safari hii washauri wa Shirika la Msalaba Mwekundu walifika shuleni mapema, wakakaa na wazazi waliokuwa wakisubiri kujua kama mtoto wao yu hai.

Kulibaki jambo moja, nalo la kisheria. Kwa miaka mingi, Mkenya aliyekiri kwamba alijaribu kujiua alikuwa anakiri kosa la jinai, lenye kifungo cha hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba.

Kwa hivyo mzazi wa Karatina au Othaya, mtoto wako akinyamaza, kaa naye umuulize, na akianza kusema usimkatize. Akikushinda, nambari ya watoto, 116, hupigwa bila malipo.