Presha ambayo Donnison hakuiona

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya shinikizo la damu vya watu wapatao 1,000 wa Kavirondo Kusini, nchini Kenya. Mbinu yenyewe ilikuwa bado changa. Mkanda wa kufunga mkononi ulibuniwa na Mwitaliano Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza mshipa kwa stetoskopu huku mkanda ukilegezwa taratibu. Donnison aliufunga mkanda huo kwenye mikono ya watu wa sehemu ambazo leo ni Kisii, Homa Bay na Migori, akakuta jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikulitarajia. Ulaya presha ilizoeleka kupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kavirondo, mtu akishapita miaka 40 hivi, haikupanda, ilielekea kushuka. Na kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili, hakumpata hata mmoja mwenye presha ya juu.

Hapa Bujumbura bado utasikia kwamba presha ni ugonjwa wa wazungu na wa wenye magari. Utasikia pia kinyume chake: presha ni ya ukoo, mtu huzaliwa nayo, basi hakuna la kufanya. Naona kauli zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwani zinautafuta ugonjwa ndani ya aina ya mtu. Ushahidi uliokusanywa Afrika Mashariki kwa karibu karne nzima unatuelekeza kwingine: presha hufuata mahali mtu anapoishi na kile anachokula. Na kama ni hivyo, mji kama huu unaweza kuizuia kabla haijawa desturi ya uzee.

Mtu makini atauliza kwanza kama Donnison anaaminika. Ni swali la haki. Watu wengi wa wakati ule hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, hivyo umri ulikadiriwa kwa macho. Malaria na minyoo vilikuwa vimedhoofisha wengi, na mtu aliyepungukiwa damu huenda asionyeshe presha yake halisi. Kama tungekuwa na karatasi ile peke yake, ningeiweka pembeni. Lakini waliomfuata walipima vizuri zaidi. Mwaka 1969 Gerry Shaper wa Makerere na wenzake walichapisha habari za vijana wa Kisamburu, wafugaji waliozoea maziwa, ambao presha yao ilipanda baada ya kuingia jeshini na kula chakula cha kambi chenye chumvi nyingi kuliko cha nyumbani. Mwaka 1988 utafiti wa Intersalt, uliopima zaidi ya watu 10,000 katika vituo 52 duniani, ulikuta jamii nne tu zilizokula chumvi kidogo sana, na zote nne zilikuwa na presha ya chini. Moja ya hizo nne ilikuwa ya Kenya.

Utafiti ninaoupa uzito zaidi ulichapishwa mwaka 1990 na Neil Poulter na wenzake. Hao hawakulinganisha kabila na kabila wala nchi na nchi. Waliwafuata Wajaluo waliohama vijiji vya kando ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi, wakawapima mara kwa mara kwa miaka miwili, na wakawapima pia wenzao waliobaki kijijini. Damu ni ile ile, lugha ni ile ile. Tofauti ilijitokeza mapema tu baada ya kuhama: presha ya waliofika mjini ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi na potasiamu kidogo. Safari ile ndiyo safari ya kijana anayeshuka kutoka Kayanza au Muramvya kuja kutafuta maisha Bwiza au Kinama. Anaacha maharage, viazi vitamu, ndizi na lengalenga, vyakula vyenye potasiamu tele, anakuja kwenye mkate, chipsi na mishikaki ya baa inayonyunyiziwa chumvi mara mbili, jikoni na mezani.

Anayeshikilia urithi atasema koo hutofautiana, na kweli hutofautiana. Watu wawili wa nyumba moja wakila chungu kimoja, mmoja anaweza kupata presha na mwingine asipate. Ila urithi hauelezi kwa nini jamii nzima inapanda. Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walilinganisha watu wenye asili ya Afrika Magharibi: Afrika Magharibi yenyewe waliokuwa na presha ya juu walikuwa asilimia 16, katika visiwa vya Karibi 26, karibu na Chicago 33. Asili ni moja, bahari imevukwa, na idadi imeongezeka maradufu.

Kuna pingamizi jingine ambalo kwa Burundi halifai kupuuzwa. Chumvi ndiyo inayotuletea madini joto, na katika nchi ya milima upungufu wake huleta rovu. Je, tukipunguza chumvi hatutarudisha rovu? Hapana, kwa sababu kiasi cha madini joto hupangwa kiwandani: watu wakila chumvi kidogo, kila kilo huongezewa madini hayo. Tena chumvi yenyewe inaweza kubadilishwa. Utafiti wa vijiji 600 vya China, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha karibu watu 21,000, uliwapa nusu yao chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Burundi haina bahari na huagiza chumvi kutoka nje, kwa hiyo milango ya kusimamia ubora wake ni michache.

Huwezi, hata hivyo, kumwambia mama wa miaka 55 wa Buyenzi, ambaye tayari ana presha, arudi kilimani. Yeye anahitaji vidonge kila siku, na wapo wanaosema nchi inayopambana na malaria haina nafasi ya kazi hiyo. Jibu limetoka kwa majirani. Utafiti wa SEARCH, katika jamii 32 za vijijini Kenya na Uganda, uliunganisha kipimo cha presha na kipimo cha virusi vya ukimwi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019: baada ya miaka mitatu, wenye presha iliyodhibitiwa walikuwa asilimia 47 mahali palipopata huduma hiyo, dhidi ya 37 kwingine. Mwaka huo huo utafiti wa CREOLE, uliofanywa katika nchi sita zikiwemo Kenya na Uganda, uliwapa wagonjwa 728 michanganyiko mitatu ya dawa ili kuilinganisha; hadi hapo uchaguzi wa dawa ulikuwa ukiamuliwa zaidi kwa kuangalia Wamarekani weusi. Michanganyiko miwili yenye amlodipini ilishusha presha zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Anayeandika oda ya dawa za hospitali ya wilaya ana pa kuanzia.